Kusuka gurudumu la nyuma la baiskeli ya mlimani, na kulihudumia mpaka rimu ichoke

Spoki nyingi zinazokatika kwenye baiskeli za mlimani hukatika kwa sababu zimelegea. Wanaozikaza kupita kiasi ni wachache, nao madhara yao huonekana kwanza kwenye rimu. Jambo hili likieleweka vizuri, sehemu kubwa ya kazi ya kusuka gurudumu imeshaeleweka, ndiyo maana naanza nalo kabla ya kugusa spana.

Gurudumu likiwa halijabeba mzigo, spoki zote zimevutwa. Ukikaa juu ya baiskeli, rimu inasukumwa ndani kidogo pale tairi inapogusa ardhi, na zile spoki chache zilizo chini zinapungukiwa mkazo. Zikiwa zimekazwa vya kutosha, mkazo unapungua bila kuisha. Zikiwa zimelegea, mkazo unafika sifuri, na kiwiko cha spoki (ile ncha iliyokunjwa) kinaanza kucheza ndani ya tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu la inchi 29 linazunguka zaidi ya mara 400 kwa kila kilomita moja. Kila mzunguko, kiwiko kile kinajikunja na kujikunjua, mpaka chuma kinachoka na kukatika hata kwenye barabara tambarare, huku mwenye baiskeli akishangaa kwa nini haikukatika siku ile aliyoruka mawe. Kwa hiyo tunachotafuta ni mkazo mkubwa wa kutosha, tena unaolingana. Habu ya bei kali na rimu ya kaboni haziwezi kuziba pengo la mkazo mbovu.

Nitaeleza gurudumu la nyuma, inchi 29, spoki 32, lenye breki ya diski. Ndilo gumu zaidi. Ukiliweza hilo, la mbele utalisuka bila shida.

Kuchagua vifaa

Usinunue rimu kwa inchi peke yake. Nunua kwa kipimo cha milimita kilichochapwa kwenye tairi: 622 ndiyo inchi 29, 584 ndiyo 27.5, na 559 ndiyo 26 ya zamani. Upana wa ndani wa milimita 30 unafaa kwa tairi za inchi 2.3 hadi 2.5. Kwa mtu anayepanda milima ya Usambara au kuzunguka Hell's Gate kule Naivasha, mimi napendekeza alumini. Rimu ya alumini ikigonga jiwe inapinda, na mara nyingi bado itakufikisha nyumbani. Kaboni ni nyepesi na ngumu, ila ikipasuka imekwisha, na kupata nyingine huku kwetu ni kuagiza nje na kusubiri.

Habu ipimwe kwa fremu yako. Baiskeli nyingi za mlimani za miaka ya karibuni zina nafasi ya milimita 148 nyuma na ekseli ya milimita 12, na mbele 110 kwa 15. Huo ndio mpangilio unaoitwa Boost. Za kabla yake zilikuwa 142 nyuma na 100 mbele, na za zamani zaidi 135 nyuma, zenye ekseli nyembamba ya kufunga kwa mkono. Pima fremu kwa rula kabla hujalipa.

Spoki ninazozipenda kwa kazi hii ni zile zilizonyembeshwa katikati: milimita 2.0 kwenye kiwiko, 1.8 katikati, 2.0 tena kwenye thredi. DT Swiss, Sapim na Pillar wote wanazitengeneza. Wengi hudhani spoki nene mwanzo hadi mwisho ndiyo imara, lakini ile iliyonyembeshwa hunyumbuka zaidi katikati, na mnyumbuko huo unakipunguzia kiwiko adha na kuizuia spoki isilegee kabisa inapopita chini. Zipo za 1.5 katikati, nyepesi sana, lakini hujisokota unapokaza. Ziache mpaka mkono uzoee.

Nipeli, yaani vijinati vinavyoishika spoki kwenye rimu, nunua za shaba nyeupe. Za alumini zinaokoa gramu kidogo tu kwa gurudumu zima, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam chumvi ya bahari inazila mpaka spana inazunguka bila kushika. Kwenye rimu ya kaboni hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kaboni na alumini vikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Dawa za kuziba pancha zenye amonia nazo huzitafuna.

Kupima na kupiga hesabu

Hapa ndipo pesa hupotea, maana spoki fupi au ndefu kwa milimita tatu ni spoki za kutupwa. Vipimo viwili vinatoka kwenye habu: kipenyo cha duara la matundu kwenye flanji (ule ukingo unaoshika spoki), na umbali kutoka katikati ya habu hadi kila flanji. Katikati ya habu maana yake ni katikati ya ncha mbili zinazokaa kwenye fremu, si katikati ya flanji mbili.

Kipimo cha tatu ni kipenyo cha rimu pale spoki inapoishia ndani ya nipeli. Usikiamini kilichoandikwa kwenye karatasi, kipime mwenyewe. Chukua spoki mbili za zamani na uzikate zibaki milimita 200 kamili kutoka ncha ya thredi. Funga nipeli mpaka ncha ya spoki ilingane na kitako cha mfereji wa bisibisi. Ziingize kwenye matundu mawili yanayokabiliana, zivute kuelekea katikati, pima pengo kati ya ncha mbili za ndani, kisha jumlisha 400. Rudia kwenye jozi nyingine mbili tatu za matundu na uchukue wastani. Ukiona tofauti ya zaidi ya milimita moja, rimu yenyewe si duara. Irudishe dukani kabla hujaisuka.

Fomula ni hii:

urefu = √(R² + r² + d² − 2 × R × r × cos α) − t

R ni nusu ya kipenyo cha rimu, r ni nusu ya kipenyo cha duara la flanji, d ni umbali kutoka katikati hadi flanji, na t ni nusu ya upana wa tundu la flanji. Pembe α kwa spoki 32 zinazopishana mara tatu (kila moja inakutana na tatu za upande wake) ni digrii 67.5.

Tuseme umepima rimu 600, duara la flanji 58, tundu 2.6, flanji ya kushoto iko milimita 34 kutoka katikati na ya kulia 22. Upande wa kushoto unapata 290.8, kulia 289.7. Agiza 291 na 290. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua fupi. DT Swiss wana kikokotoo cha bure mtandaoni, na ni vizuri kulinganisha jibu lake na lako, lakini kikokotoo kinalishwa vipimo vyako: ukikosea kupima, nacho kitakosea.

Tukae kidogo kwenye zile namba 34 na 22, kwa sababu zinaeleza tabia nzima ya gurudumu la nyuma. Kaseti (rundo la gia za nyuma) imesukuma flanji ya kulia ndani, kwa hiyo spoki za kulia zimesimama wima zaidi. Ili rimu ibaki katikati, lazima zivutwe kuliko za kushoto, na uwiano wake ni ule ule wa umbali: 22 gawanya kwa 34 ni kama 0.65. Ukikaza kulia kilo 120, kushoto utapata kama 78, wala hakuna ufundi wa mkono utakaobadilisha hilo. Kinachoweza kulibadilisha ni rimu yenye matundu yaliyohamishwa upande mmoja. Matundu yakisogea milimita 3 kuelekea kushoto, unakuwa na 31 na 25, uwiano unapanda hadi 0.81, na kushoto unapata kama kilo 97. Ukiniuliza pesa ya ziada uiweke wapi, nitakwambia rimu ya namna hii kabla ya habu ya rangi rangi.

Zana

Spana ya spoki inayokaa sawasawa kwenye nipeli yako ndiyo ya kwanza. Nipeli nyingi za Ulaya zinataka spana ya milimita 3.23. Spana iliyolegea hata kidogo inaviringisha pembe za nipeli, na nipeli iliyoviringika haikazwi tena. Stendi ya kunyooshea ikikosekana, geuza baiskeli juu chini na ufunge kamba mbili za plastiki za kufungia nyaya kwenye fremu, ncha zake ziguse rimu kwa mbali. Zitakuonyesha kila mpindo.

Mita ya mkazo si lazima kwa gurudumu la kwanza, lakini ukikusudia kusukia watu wengine, inunue. Ongeza kopo la oili, kalamu ya maka, na bisibisi bapa.

Kusuka

Chovya thredi za spoki zote kwenye oili, kisha zifute zibaki na unyevu tu. Tia tone dogo kwenye kila tundu la rimu pale nipeli itakapokaa. Bila mafuta, utafika mahali nipeli inagoma, nawe utadhani gurudumu limekaza kumbe ni msuguano.

Kaa kitini, weka rimu mapajani, upande wa kaseti ukutazame. Spoki nane za kwanza zinaingia flanji ya kulia kutoka nje kwenda ndani, tundu moja ndiyo, moja ruka, vichwa vikionekana nje. Ya kwanza, ambayo nitaiita spoki ya msingi, inaingia kwenye tundu la rimu lililo jirani na valvu na lililoelemea kulia. Angalia rimu kwa makini: matundu yanapishana, moja limeelemea kulia, jingine kushoto. Kutoka hapo hesabu matundu: acha matatu, weka kwenye la nne, mpaka nane zote ziishe. Nipeli zishikishe mizunguko miwili tu.

Geuza gurudumu. Matundu ya flanji ya kushoto hayakabiliani na ya kulia. Kila moja liko katikati ya mawili ya upande wa pili. Tafuta tundu lililo jirani na la spoki ya msingi, upande ulio mbali na valvu. Ingiza spoki kutoka nje, na ipeleke kwenye tundu la rimu linalofuata baada ya lile la spoki ya msingi, upande huo huo ulio mbali na valvu. Spoki hizo mbili zikikaa sambamba, umepatia. Endelea na saba zilizobaki kwa mpango ule ule wa kuacha matatu.

Sasa shika habu kwa mkono mmoja na rimu kwa mwingine, uzungushe habu. Inakwenda pande zote mbili, ila upande sahihi ni ule unaofanya spoki ya msingi ilale ikiikimbia valvu. Ukizungusha upande mbaya, spoki zitapita juu ya valvu, na pampu haitapata nafasi ya kuingia. Kuna mabishano ya miaka mingi kuhusu spoki zipi zivute wakati wa kukanyaga pedali na zipi wakati wa breki. Fuata karatasi ya mtengenezaji wa habu kama ipo. Kama haipo, usipoteze usingizi.

Kundi la tatu linaingia flanji ya kulia kutoka ndani kwenda nje. Hapa ndipo gurudumu linaposukwa kweli, kama ukili. Kila spoki inalala kinyume na zile za kwanza na inakutana na tatu za upande wake: mbili inazipita kwa nje, ya tatu inapita chini yake, kwa ndani, kisha inaingia kwenye tundu la kulia lililo wazi. Itabidi uikunje kidogo kwa kidole ili ipite, haivunjiki. Fanya hivyo hivyo kushoto kwa kundi la nne. Ukimaliza, kila tundu la rimu lina spoki na spoki za kulia na kushoto zinapokezana bila kosa. Likibaki tundu moja lisilofikiwa na spoki, usilazimishe. Rudi nyuma uhesabu. Mara nyingi kosa liko kwenye spoki ya kwanza ya kundi la pili.

Kukaza

Leta nipeli zote mahali pamoja: kwa bisibisi, zungusha kila moja mpaka thredi ya mwisho ifichike ndani ya nipeli. Huu ndio msingi wa usawa wote unaokuja, kwa hiyo uwe mwangalifu hapa kuliko popote. Kisha anza kwenye valvu, mzunguko mmoja mzima kwa kila nipeli, rimu nzima. Zikiwa bado zimelegea, mzunguko mwingine. Zikianza kushika, punguza hadi nusu, baadaye robo. Kwenye spoki za kawaida mzunguko mmoja unavuta kama milimita 0.45, na mara mkazo ukishaanza hicho si kidogo.

Kuhusu upande wa kuzungusha, jifikirie umeshika bisibisi ukitazama kutoka nje ya rimu: kulia kukaza, kushoto kulegeza. Ukiwa na spana ndani ya gurudumu picha inageuka, na hapo ndipo wengi hulegeza wakidhani wanakaza.

Rekebisha duara kwanza. Sehemu iliyonyanyuka ikazwe, spoki ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, ishuke. Sehemu iliyozama ilegezwe. Baadaye shughulikia mipindo ya pembeni: rimu ikienda kulia, kaza robo spoki za kushoto za eneo lile na ulegeze robo za kulia. Shughulikia eneo lenye kosa kubwa kuliko yote, kisha zungusha tena utafute kubwa linalofuata. Kwenye maungio ya rimu unaweza kukuta kinundu kidogo kisichoondoka. Kiache. Anayekifukuza kwa spana anaharibu mkazo wa spoki nne kwa ajili ya kitu ambacho tairi haikijui.

Tatu ni ukatikati. Toa gurudumu kwenye stendi, ligeuze kushoto liwe kulia, lirudishe. Rimu ikirudi mahali pale pale, iko katikati. Ikihama, kosa halisi ni nusu ya uhamaji unaouona. Ikiwa imeelemea kushoto, kaza spoki zote za kulia robo robo.

Zunguka hivi, duara, pembeni, ukatikati, mkazo kidogo, tena na tena. Mwishoni mpindo wa pembeni uwe chini ya nusu milimita. Mkono ulioiva unafika 0.2.

Mkazo wa mwisho unaamuliwa na rimu. Mtengenezaji huandika kikomo, na kwa rimu nyingi za mlimani ni karibu kilo 120, yaani kama nyutoni 1200. Lenga upande mkali, yaani wa kulia, uwe kati ya 110 na 120, na spoki za upande mmoja zitofautiane kwa asilimia 10 tu au chini yake. Bila mita, tumia sikio: piga spoki kwa ukucha karibu na rimu. Za upande mmoja ziimbe sauti moja. Sauti nzito ni iliyolegea. Ukikuta rimu imenyooka lakini moja inaimba chini sana na jirani yake juu sana, bado una kazi: zinavutana, na baada ya wiki kadhaa za mabonde na mawe mpindo utajitokeza pale pale.

Kubana na kuondoa msokoto

Hatua hii ndiyo inayotofautisha gurudumu la kudumu na la kwenda kurudi kwa fundi. Nipeli inapozunguka, spoki nayo hujisokota kidogo badala ya nipeli kupanda juu yake. Weka alama ya maka kwenye spoki, uone: nipeli imekwenda robo, na alama imekwenda nayo kidogo. Siku ya kwanza porini spoki inajisokotoa, unasikia milio midogo ya ting ting, na gurudumu linapinda. Kwa hiyo kila unapokaza, pitiliza kidogo kisha rudi hadi alama irejee ilipokuwa.

Kisha bana. Vaa glavu, shika spoki mbili za upande mmoja zinazokaribia kuwa sambamba kwa kila mkono, uzibane kwa nguvu zako zote, ukizunguka gurudumu zima. Unavikalisha viwiko kwenye flanji na vichwa vya nipeli kwenye rimu, na unakipa chuma kilichokunjwa kiwandani nafasi ya kutulia. Baada ya kubana, rimu itakuwa imepinda kidogo. Inyooshe, ubane tena. Siku utakapobana na rimu isisogee, kazi imekwisha.

Tepu, tairi na dawa

Mbigili na miiba ya migunga haina huruma na tyubu, kwa hiyo baiskeli ya mlimani huku kwetu inastahili tairi zisizo na tyubu. Safisha rimu kwa spiriti. Tepu ya kuziba matundu ya spoki iwe pana kuliko rimu kwa ndani kwa milimita 3 hadi 5. Ivute kwa nguvu inapolala, na ipishane sentimita 10 hivi kwenye eneo la valvu. Toboa tundu la valvu kwa kitu cha moto chenye ncha, kwani kisu kinaacha mpasuko unaoendelea. Kwa tairi ya 29 × 2.4, mililita 100 za dawa zinatosha. Kwenye joto dawa hukauka upesi, hivyo ifungue au uichungulie kila baada ya miezi miwili.

Jambo moja lisikushtue: tairi ikishaingia na kujazwa upepo, inaibana rimu, na mkazo wa spoki unashuka. Ndiyo maana mkazo unapimwa gurudumu likiwa tupu, na ndiyo maana gurudumu lililokazwa kilo 85 tu upande mkali mezani linakuwa legelege njiani.

Bolti sita za diski zikazwe kwa msalaba, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kola (pete ya kufungia) ya kaseti ni nyutonimita 40, na kola ya diski ya mtindo wa Center Lock ni 40 vilevile.

Huduma

Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, kundi la vijana lilifanya mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli nzito za zamani. Breki zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, za kurudisha pedali nyuma. Kufika chini habu ilikuwa ya moto kiasi cha grisi kuungua na kutoka moshi, na kabla ya kushuka tena ilibidi habu ifunguliwe ijazwe grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, kwa sababu ya kazi hiyo ya kujaza grisi. Leo diski imeondoa moto kwenye habu, ila maji, matope na mashine za kuoshea magari zimechukua nafasi yake. Mdomo wa mashine ya presha usiuelekeze kamwe kwenye habu. Unasukuma maji yapite mpira wa kuzuia vumbi hadi kwenye beringi.

Baada ya safari mbili tatu za kwanza, nyoosha gurudumu jipya upya. Kuanzia hapo, kila mwezi kwa anayeendesha mara kwa mara, piga spoki zote kwa ukucha, na shika rimu uitikise kushoto kulia. Ikicheza, beringi zimekwisha au koni (nati zinazobana goroli kwenye ekseli) zimelegea.

Habu ya racheti mbili za meno, kama zile za DT Swiss, hufunguka bila zana nyingi. Vuta kifuniko cha ncha, chomoa mwili wa kaseti, na racheti mbili na springi zake zinabaki mkononi. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa chochote. Futa grisi chafu, kagua meno kama yamekula pembe, paka grisi mpya kidogo mno, utando tu. Ukijaza grisi nzito, meno yanachelewa kushikana, na pedali zinateleza wakati unasimama kupanda kilima. Kwa goti, hilo ni jambo la hatari. Habu za vijino na springi zinataka mafuta mepesi zaidi.

Beringi za katriji zimeandikwa namba ubavuni. 6902, kwa mfano, ni 15 kwa 28 kwa 7, na fundi yeyote wa mota anaweza kukutafutia. Unapoiingiza, sukuma ringi ya nje tu. Ukisukuma ya ndani, nguvu inapita kwenye goroli, na umeshaiharibu kabla haijatembea. Habu za koni zinafunguliwa, zinasafishwa kwa mafuta ya taa, goroli mpya zinawekwa, na koni inarudishwa mpaka ekseli izunguke laini. Kwenye ekseli ya kufunga kwa mkono acha mchezo mdogo sana, kwani ukifunga lever mchezo huo unapotea.

Spoki moja ikikatika, badilisha hiyo moja, nyoosha, endelea. Zikikatika tatu kwenye kiwiko ndani ya muda mfupi, usiendelee kubadilisha moja moja: zilizobaki zimechoka vilevile. Zitoe zote. Rimu ikionyesha ufa unaoanzia kwenye tundu la nipeli, ni ya kutupwa, hata kama inazunguka imenyooka.

Rimu ikifa lakini spoki bado changa, na ukapata rimu nyingine ya kipenyo kile kile kwa ndani, huhitaji kusuka upya. Legeza spoki zote kwa zamu. Funga rimu mpya kando ya ya zamani kwa tepu, valvu kwa valvu, na hakikisha matundu yanaelemea upande ule ule. Hamisha spoki moja moja, kila moja ikienda kwenye tundu la rimu mpya lililo kando yake, na nipeli mpya. Ukifika mwisho, rimu ya zamani inadondoka yenyewe, nawe unarudi kwenye hatua ya kuficha thredi ya mwisho ndani ya kila nipeli.